Upande wa Pili wa Kamba

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya watu kama mimi na nyinyi, palikuwa na kijiji kimoja mgongoni mwa mlima. Sogeeni karibu, hadithi hii sipendi kuipigia kelele. Na msinikatize. Mwishoni nitawapa nafasi ya kusema, na ninavyowajua, mtagombana.

Kijiji kile kilikuwa na pande mbili, Juu na Bondeni. Watu wa Juu walikaa karibu na chemchemi. Watu wa Bondeni walikaa wakingoja maji yashuke. Sina haja ya kuwaeleza kwa nini walikuwa hawasalimiani.

Lakini desturi walikuwa nayo moja. Mtu akimwekea Mungu nadhiri ya mnyama, siku ya kuitimiza husuka kamba mpya ya mgomba kwa mikono yake mwenyewe. Kamba hupitishwa shingoni mwa mnyama bila kupigwa fundo, zikabaki ncha mbili. Mtoaji hushika ncha moja, hufumba macho, husema, "Nimefika." Kisha mtu mmoja, mmoja tu, hushika ncha ya pili kwa niaba ya Mungu, akaivuta mara tatu polepole bila kutamka neno. Hapo nadhiri imepokewa. Aliyevuta ndiye husema mnyama aende wapi. Na mtoaji hufumba macho asije akauona mkono wa mtu, akadhani amempa mtu.

Miaka yote ncha ya pili ilishikwa na Mzee Kihiyo, mkuu wa tambiko. Mzee wa watu, mpole, mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Kwa hiyo hata ukifumba macho namna gani, kamba ikivutwa unajua ni yeye.

Sasa mzee huyu alikuwa na mke wa mwanawe, mjane, jina lake Nakijwa. Nakijwa alizaa mtoto wa kwanza, mtoto akaugua homa. Akaweka nadhiri ya mbuzi. Mtoto akapata nafuu, mbuzi akatolewa, kamba ikavutwa kwa mkono unaotetemeka. Mwezi haukuisha, mtoto akafa. Akazaa wa pili, naye mtoto akaugua homa. Akaweka nadhiri ya mbuzi. Mbuzi akatolewa, kamba ikavutwa kwa mkono unaotetemeka. Mtoto akafa. Kisha na mume akafa. Akabaki na ng'ombe mmoja aitwaye Tunu, na mtoto wa tatu, msichana wa miaka mitatu, aitwaye Kadeghe. Nyinyi mnaolia mkikosa usingizi, mfikirieni Nakijwa.

Siku moja asubuhi Nakijwa alipanda mlimani kumkatia Tunu majani. Kule ng'ombe hatoki nje, anakaa zizini na chakula analetewa. Akamweka Kadeghe chini ya kichaka, akakata mzigo wa kwanza. Ukungu ukashuka. Si ukungu wa kupendeza huo. Ni ukungu wa kunyoosha mkono usione vidole. Nakijwa akarudi kichakani. Mtoto hayupo.

Akaita. Akaita tena. Upande ule kuna korongo ambalo ukiangusha jiwe hulisikii likifika. Nakijwa akapiga magoti kwenye majani, akalia kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua kuwa anayo: "Wewe uliye huko, nimeshakupa wawili! Huyu nirudishie! Ndama wa kwanza wa Tunu ni wako!"

Basi. Nadhiri ikawa imetoka.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Mndeme, mrina asali. Mndeme aliishi msituni na mizinga yake, akishuka kijijini mara moja moja, na kwenye tambiko haendi. Hakumwuliza Nakijwa kitu. Alisimama akasikiliza ndege. Upande wa juu ndege walikuwa kimya, kwa sababu ya kilio cha mama. Upande wa korongo walikuwa wanapiga kelele ile ya kukizomea kitu kigeni karibu na viota vyao. Mndeme akatambaa kwa tumbo mpaka ukingoni, akachungulia. Akasema, "Yupo. Yu hai."

Alikuwa wapi? Hapo ndipo anapoingia Mrutu. Mrutu alikuwa fundi wa mifereji, na miaka kumi kabla ya siku ile alikuwa ameanza kuchimba mfereji ubavuni mwa korongo, apitishe maji yafike Bondeni bila kuomba ruhusa ya watu wa Juu. Alichimba peke yake misimu minne. Mwamba ukamshinda, mfereji ukaishia hewani, tone la maji halikupita. Watu walimcheka mpaka ikawa mtu akifanya kazi bure anaambiwa amechimba wa Mrutu. Basi Kadeghe aliporomoka, akadondokea ndani ya mfereji ule mkavu, akakaa humo amejikunyata. Chini yake, hewa tupu.

Mndeme alikuwa na kamba ya kupandishia mizinga. Ilifika nusu tu. Hapo akatokea Nakiete, mfinyanzi, mwanamke mwenye mikono yenye udongo hadi kwenye viwiko. Alikuwa amesikia kilio akiwa kazini, na hakuja peke yake. Alikuwa amepita Juu akigonga milango, akapita Bondeni akigonga milango, akisema neno moja tu: "Mtoto!" Watu ambao walikuwa hawajasalimiana tangu mavuno ya mwaka juzi wakasimama ukingoni. Wakavua kaniki wakaziunga. Wakafungua kamba za ng'ombe wakaziunga. Mtu wa Juu akamshika kiuno mtu wa Bondeni, mtu wa Bondeni akamshika kiuno mtu wa Juu, na Mndeme akateremshwa. Alipopandishwa, Kadeghe alikuwa ndani ya mfuko wake wa ngozi, analamba asali iliyokauka pembeni. Hata hakuwa analia.

Nakijwa kwa furaha akawaambia wote ile nadhiri aliyoiweka. Angeweza kunyamaza. Wengine wenu mngenyamaza.

Tunu akazaa. Ndama jike, mweusi, ana doa jeupe usoni. Kwa mjane, huyo ndiye maziwa ya kesho na mahari ya kesho kutwa, lakini Nakijwa hakulilia ndama. Kilichomnyima raha ni kitu kingine. Kila Kadeghe akikohoa, moyo ulimruka. Akikohoa mara moja, alijiambia ni vumbi. Akikohoa mara mbili, alikwenda kumtazama ndama. Aliogopa kuchelewa, na aliogopa kukosea.

Siku ndama alipoachishwa ziwa, watu wa Juu na Bondeni wakakusanyika uani kwa Nakijwa. Kamba mpya ilikuwa imeshasukwa. Mzee Kihiyo akaja na fimbo yake, akanyoosha mkono wake unaotetemeka.

Nakijwa hakumpa kamba. Akapiga goti, akasema, "Baba mkwe, usinione sina adabu. Mara mbili nimefumba macho, na mara mbili nimeujua mkono wako. Sikulaumu. Lakini wanangu wako ardhini. Leo nataka kujua kwanza. Kamba hii, upande wa pili anashika nani?"

Mzee Kihiyo akasema, "Mungu, mwanangu."

"Mungu gani, baba? Mwanangu alitoka korongoni kwa ajili ya watu watatu, Mndeme, Nakiete na Mrutu kwa mfereji wake, na wote watatu huwa hawaji kwenye tambiko. Nataka na wao waseme. Atakayenijibu, atashika."

Mzee angeweza kukasirika. Hakukasirika. Alikalia kigoda, akasema, "Waseme."

Akasimama Mndeme, mrina asali. Akasema, "Mimi Mungu anayekaa mahali simjui. Nikisema Mungu, nasema vyote hivi kwa pamoja. Mti, nyuki, mwamba, chui, mimi, wewe. Hakuna kilicho nje yake, kwa hiyo hakuna kinachoweza kupotea. Msitu ulimmeza mwanao, msitu huohuo ukaniambia alipo. Nipe kamba. Nitampeleka ndama mpaka kwenye uwazi wa msituni, nimwachie."

"Chui je?" akauliza Nakijwa.

"Chui naye yumo."

Watu wakaguna. Bibi mmoja wa Bondeni akasema kwamba huo si Mungu, huo ni upotevu wa nyama.

Nakijwa hakucheka. Akauliza, "Na ukungu uliomficha mwanangu, nao umo?"

"Umo."

"Na homa iliyochukua wale wawili?"

Mndeme akamtazama machoni. Hakuwa mtu wa kudanganya. Akasema, "Nayo imo, dada yangu." Nakijwa akageuza uso.

Akasimama Nakiete, mfinyanzi. Akasema, "Mimi homa siwezi kuiita Mungu. Ukungu siwezi kuuita Mungu. Nikisema Mungu, nasema kile kinachotokea kati ya mtu na mtu. Siku ile ukingoni, Juu walipowashika Bondeni viuno, kitu kilikuwapo pale, na sote tulikijua, hata kama jioni yake mlirudi kununiana. Asubuhi hakikuwapo. Tulikifanya. Nipe kamba. Ndama huyu atakaa Juu mwezi mmoja, Bondeni mwezi mmoja, na akikua, maziwa yake yatakwenda kwa mtoto yeyote aliyekosa. Watu watalazimika kusalimiana, japo kwa kupokezana ng'ombe."

Mzee Kihiyo akamwuliza, "Nakiete, mwanangu, watu wote wakifa, Mungu wako naye amekufa?"

"Ndiyo, baba. Watu wakiachana tu, tayari amekufa. Ndiyo maana nikisikia mtu analia, nakimbia."

Nakijwa akamwuliza, "Na siku wanangu wawili walipokuwa wanakufa, wewe hukukimbia? Kijiji kizima hakikukimbia? Mlijaa humu ndani mpaka mlango haufungiki. Kile kitu kilikuwapo?"

"Kilikuwapo," akasema Nakiete, na machozi yakamtoka. "Hakikutosha."

Akasimama Mrutu, fundi wa mifereji. Watu wengine wakaanza kutabasamu kwa mazoea. Akasema, "Mimi nasema Mungu hayupo. Ngojeni, msizome. Hayupo bado. Ni kile tunachokielekea. Nilipokuwa nachimba, niliyaona maji yanapita pale ambapo hakuna maji. Niliona Bondeni kuna migomba pale penye mawe. Kitu kile kilikuwa kinanivuta, na hakikuwapo. Mwanadamu akitenda jema ambalo bado halina mwenyewe, huko ndiko anakokwenda. Nipe kamba. Tumchinje ndama, tupike, tuitane Juu na Bondeni kwa kazi ya pamoja, tuumalize mfereji."

Mzee Kihiyo akasema, "Ambaye hajakuwapo hawezi kumdaka mtoto."

"Mfereji wangu nao haujakuwa mfereji, baba. Umedaka."

Hapo hata waliokuwa wanatabasamu wakaacha. Lakini Nakijwa akasema, "Kaka Mrutu, ulichimba kwa ajili ya maji. Hukuchimba kwa ajili ya mwanangu."

"Kweli. Sikumjua. Hata hakuwa amezaliwa."

Basi Mzee Kihiyo akainuka kwenye kigoda. Nawaambieni, mzee yule alikuwa na akili. Akasema, "Nimewasikia. Huyu anasema Mungu ni msitu na vilivyomo. Huyu anasema Mungu ni ujirani. Huyu anasema Mungu ni kesho. Basi kwa nini msiseme msitu, mkasema ujirani, mkasema kesho? Mnakopa jina la mwenye nyumba, huku mnatuambia nyumba haina mtu."

Wale watatu wakatazamana. Mndeme akasema, "Jina lingine ni dogo, baba. Nikisema msitu, watu wanafikiri kuni." Nakiete akasema, "Nikisema ujirani, watu hawainuki walipokaa. Nikisema Mungu, wanasimama." Mrutu akakuna kichwa, akasema, "Mimi ningeweza kuliacha jina. Lakini nikiwa peke yangu kwenye mwamba, ndilo lililokuwa linanitoka."

Mzee akaegemea fimbo yake, akamgeukia Nakijwa.

Nakijwa akaishika kamba kwa mikono miwili. Akasema, "Maneno yenu makubwa, na mimi ni mkata majani. Niulize jambo moja tu, kisha nifumbe macho. Siku ile kwenye ukungu sikuwa nasema peke yangu. Nilikuwa nasema na mtu. Nilisema 'wewe'. Niambieni, nani alinisikia?"

Mndeme akasema, "Ndege walikusikia, wakanyamaza. Kunyamaza kwao ndiko kulikonifanya niwasikie wengine. Kama usingelia, nisingejua pa kutazama."

Nakiete akasema, "Mimi nilikusikia. Nilikuwa na chungu mkononi, kikaanguka. Kilio chako ndicho nilichokibeba kutoka mlango hadi mlango."

Mrutu akasema, "Mimi sikukusikia. Nilikuwa nimelala, naumwa mgongo. Lakini nilikujibu miaka kumi kabla hujaita."

Nakijwa akamgeukia baba mkwe wake. "Na wewe, baba?"

Mzee Kihiyo akasema, "Alikusikia yeye. Ndege ni wake, Nakiete aliinuliwa na yeye, Mrutu alitumwa na yeye."

Ndipo Mrutu, kwa upole, wala si kwa kumshinda mzee, akauliza, "Na wale wawili, baba? Nakijwa aliita, na wewe uliita. Walikuwa wajukuu zako. Siku zile hakusikia?"

Hapo mzee akaishika fimbo kwa mikono miwili. Watu wakainamisha macho. Mzee akasema, "Sijui. Nimemwuliza. Kila asubuhi namwuliza, na hajanijibu. Lakini niambie, Mrutu, wewe ungemwuliza nani? Mndeme, utauuliza ukungu? Mimi sina jibu kama nyinyi msivyo na jibu. Ila mimi ninaye wa kumwuliza, na hilo ndilo linaloniinua kitandani." Akamtazama Nakijwa. "Ukinipa kamba, mwanangu, nitamchinja ndama pale pale nilipochinja mbuzi wako wawili. Nitamwambia, 'Huyu ni wa tatu, sasa sikia.' Sina zaidi ya hapo."

Ndama alikuwa amesimama katikati ya uwanja, anatafuna ncha ya kaniki ya Nakijwa. Kadeghe alikuwa mlangoni. Akakohoa, mara moja.

Nakijwa akaipitisha kamba shingoni mwa ndama. Akashika ncha moja, ya pili akaiacha ianguke chini. Upande huu Mndeme, upande huu Nakiete, upande huu Mrutu, na mbele yake Mzee Kihiyo ameegemea fimbo. Wote wanne walikuwa hatua moja tu kutoka ilipoangukia kamba. Nakijwa akasema, "Nimeshindwa kuchagua. Anayejijua kuwa alinisikia, ashike. Na akishakuwa mmoja ameshika, wengine msiguse."

Akafumba macho. Akanyoosha mkono. Akasema, "Nimefika."

Nakijwa akangoja. Akahesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu, nne. Akafikiri hakuna atakayeshika, akaogopa kwamba labda ndivyo ilivyokuwa siku zote, upande wa pili hakuna kitu.

Kamba ikavutwa.

Ikavutwa mara ya pili. Ikavutwa mara ya tatu, polepole, kama desturi inavyotaka. Nakijwa akaujua mkono. Akalia, tena alilia kwa raha, na hakufumbua macho mpaka aliposikia ndama anaondoka.

Hapo ndipo nilipoachiwa hadithi na aliyenihadithia, na mimi ndipo ninapowaachia. Mkono naujua, lakini hamtausikia kwangu, mniombe msiniombe. Na wewe hapo unayetaka kusema eti ndama ndiye aliyetikisa shingo, nimekuona, utasema zamu yako ikifika, nayo ni haki yako.

Mndeme alimwona mtoto kwa sababu aliamini hakuna kinachopotea. Nakiete aliwaleta watu kwa sababu aliamini bila watu hakuna kitu. Mrutu alimdaka kabla hajazaliwa kwa sababu aliamini kisichokuwapo. Na mzee wa watu, aliyenyimwa jibu mara mbili, bado aliamka asubuhi akauliza.

Haya, fumbeni macho mshike ncha yenu. Je, katika hao, nani alistahili kushika upande wa pili?